Khabari za Sewa Haji wa Bagamoyo na Hospitali Aliyoiacha

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baadu. Katika vitabu hivi vidogo imekuwa desturi kutaja khabari za maulama na mawalii, ili msomaji azinduke kwa mwenendo wao. Leo nataka kutaja khabari za mtu asiyekuwa alimu wala walii, bali mfanya biashara wa Bagamoyo, naye ni Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Unguja mwaka 1851 na akafa mwaka 1897. Najua wako watakaokunja uso na kusema kwamba huyu alikuwa Khoja wa Kiismailia, mfuasi wa Aga Khan, na mwalimu wa Kishafii ana haja gani ya kumtungia kitabu. Jawabu yao nitaitoa mahali pake, in shaa Allah. Kwanza nitaje lililonifanya nishike kalamu.

Ndugu zetu wa Nachingwea na Ruangwa, mtu wao akishikwa na maradhi mazito, hufikiri njia chache. Serikali ina hospitali zake katika miji hiyo miwili, na zahanati katika vijiji. Lakini hospitali zilizoshika jina tangu zamani katika nchi ile ni za wamisheni: Mnero iliyo katika Nachingwea yenyewe, na Nyangao kwenye njia ya Lindi, na Ndanda upande wa Masasi. Mapadre wa Kibenediktini walikuwako Nyangao kabla ya vita vya Majimaji. Misheni yao ikachomwa moto mwaka 1905, na mwaka uliofuata, 1906, wakaweka makao Ndanda. Wazee wetu walikwenda kwao kwa khofu, wakichelea watoto wao wasije wakabatizwa, lakini walikwenda. Mwanamke aliyekwamiwa na mtoto tumboni siku ya tatu, mumewe hana nafasi ya kuuliza dini ya mwenye kisu. Na haki isemwe, hata kama ni juu yetu: walipokewa, wakatibiwa, na wengi wakarudi kwao wazima na Waislamu kama walivyokwenda.

Basi liko swali linalosemwa barazani kwa sauti ya chini. Sisi watu wa pwani tuliotangulia kuwa na miji ya mawe, na misikiti, na majahazi, na mali, mbona hatukujenga hata hospitali moja? Wengine hulijibu kwa kusema kwamba jambo hili halikuwa katika ada yetu, kwamba ni mambo ya Wazungu. Jawabu hii si kweli. Hospitali ya watu wa nchi katika Dar es Salaam ilijengwa kwa mali ya mtu wa kibla chetu, mzaliwa wa Unguja, kabla Ndanda haijawekwa jiwe la kwanza. Mtu huyo ndiye huyu.

Wazee wake Sewa Haji walitoka Kachi, katika Bara Hindi, kama walivyotoka Makhoja wengi waliohamia Unguja zama za Sayyid Said na wanawe. Walianza na duka Unguja, kisha wakafungua jingine Bagamoyo, nayo Bagamoyo wakati ule ndiyo iliyokuwa mlango wa bara. Wajuao Kihindi husema kwamba neno sewa kwao maana yake ni utumishi. Kijana akaingia katika biashara ya nyumba yao akiwa hajatimiza miaka 20.

Msomaji wa leo hana budi aelezwe biashara ile ilikuwa namna gani, kwani bila ya hayo hataona mali ilitoka wapi wala wagonjwa walitoka wapi. Wakati ule hapakuwa na reli wala gari, na punda na ngamia hawakudumu kwa ajili ya mbung'o. Kila kitu kilichopanda bara au kushuka pwani kilibebwa kwa kichwa au bega la mtu. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, mbali na chungu chake na mkeka wake na chakula chake. Kutoka Bagamoyo hata Tabora ni mwendo wa miezi miwili au mitatu, na hata Ujiji ni zaidi. Mizigo iliyopanda ilikuwa merikani na kaniki, na shanga za kila rangi, kwa kuwa kila kabila lilipenda rangi yake na lilikataa nyingine, na masango ya shaba, na bunduki na baruti. Iliyoshuka ilikuwa pembe. Mwenye kutaka kusafirisha msafara alihitaji mtu wa kumkusanyia bidhaa hizi kwa kipimo chake, na kumtafutia wapagazi, na kuwadhamini, na kuwalipa posho ya kwanza. Kazi hii ndiyo iliyokuwa kazi ya Sewa Haji, na katika kazi hii hakuna aliyempita Bagamoyo.

Mwaka 1871 alifika Bagamoyo Henry Stanley, aliyetumwa na gazeti la Marekani kumtafuta Livingstone. Akaelekezwa kwa kijana huyu, ambaye wakati ule umri wake ulikuwa kama miaka 20, amtafutie wapagazi zaidi ya 100. Wapagazi walikuwa haba, siku zikapita, na Stanley, aliyekuwa mtu wa haraka na hasira, akamshuku kwamba anamchezea katika hesabu ya nguo na malipo. Baadaye akalitia jina lake katika kitabu chake kwa maneno ya kumvunjia heshima, na kitabu kile kikasomwa Ulaya na Marekani nzima. Mimi nasema: kadhi hahukumu kwa kusikia upande mmoja, na kijana wa Bagamoyo hakuandika kitabu. Wapagazi walipatikana, msafara ukatoka, na mwaka ule ule Stanley akakutana na Livingstone Ujiji. Na miaka iliyofuata wageni hawakuacha kupita kwa Sewa Haji, wakiwamo wasafiri na wamisheni na baadaye Wadachi. Mtu ambaye ni mwizi tu hadumu miaka 25 katika biashara isimamayo juu ya amana.

Lakini sitaki kumfanya malaika. Baruti na bunduki zilizopitia madukani Bagamoyo hazikwenda kupiga ndovu peke yake. Na pembe zile, yajulikana ni watu wa namna gani waliozibeba katika misafara mingi, na wangapi kati yao walikuwa huru. Mfanya biashara wa zama zile aliyetajirika kwa njia ya bara, mali yake ilikuwa na shubha, awe Mhindi, awe Mwarabu, awe Mswahili. Na nyumba nyingi za mawe tunazojivunia katika pwani hii zina khabari hiyo hiyo chini ya msingi wake. Imamu Ghazali ameeleza kwa urefu katika Ihya hukumu ya mali iliyochanganyika, ambayo wenye haki nayo hawajulikani tena wala hawawezi kurudishiwa: njia yake ni kutolewa kwa mafakiri na katika mambo yenye manufaa kwa watu wote. Sisemi kwamba Sewa Haji alisoma Ihya. Nasema kwamba mali yake mwisho wake ilikwenda mahali ambapo fiqhi ingeiamuru iende, na matajiri wengi waliosoma Ihya mali zao hazikufika huko.

Mwaka 1888 watu wa Mrima wakawaondokea Wadachi. Abushiri akapigana Bagamoyo na Pangani, na Bwana Heri huko Saadani. Manowari za Kidachi zikaipiga Bagamoyo mizinga, mji ukaungua, na watu kwa maelfu wakakimbilia katika misheni ya mapadre wa Kifaransa. Abushiri akanyongwa Pangani katika Disemba 1889. Katika mwezi huo huo Stanley akashuka tena Bagamoyo, akiwa na Emin Pasha, tabibu wa Kidachi aliyekuwa liwali wa serikali ya Misri huko Ikweta. Usiku wa karamu ya kuwapokea, Emin Pasha, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu, akaanguka kutoka dirisha la ghorofa, akavunjika kichwa. Akachukuliwa katika hospitali ya Wadachi, akauguzwa kwa wiki nyingi hata akapona.

Jambo hili nimelitaja si kwa ajili ya Emin Pasha. Nimelitaja kwa kuwa katika mji ule ule walikuwako wapagazi waliofika kutoka bara na miguu yao imeoza kwa vidonda, na wenye kuhara damu, na wenye ndui waliotupwa na wenzao nje ya kambi kwa khofu ya kuambukizwa, na hao hawakuwa na kitanda. Ndui na kipindupindu zilitembea pamoja na misafara. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilishuka kwa njia hiyo kikaua watu wengi pwani na Unguja. Na katika miaka ya 1890 wakafika pwani funza, wadudu waliotoka Amerika wakaingia Angola mwaka 1872, wakavuka bara zima ndani ya vidole vya wapagazi. Mnyamwezi aliyefika pwani mgonjwa alikuwa mbali na mama yake na wajomba zake. Alilala chini ya mwembe, akipata mtu wa kumpa maji alipona au akafa, na asipompata alikufa. Sewa Haji alikuwa ndiye mwajiri wa watu hawa. Aliwaona wakitoka na aliwaona wakirudi, na aliijua hesabu ya wasiorudi kwa kuwa daftari lilikuwa lake.

Katika miaka ya 1890, serikali ya Wadachi ikiwa imekwisha kuhamisha makao yake kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, Sewa Haji akaanza kutoa. Mwaka 1892 aliipa serikali jengo kubwa la ghorofa huko Bagamoyo liwe skuli, kwa sharti kwamba wasomeshwe humo watoto wa kila jinsi bila ya kubaguliwa, Mhindi na Mwarabu na Mswahili. Sharti hili ulipime kwa wakati wake: Mzungu alikuwa akiwapanga watu kwa rangi zao, na Wahindi wenyewe kila jamaa ilitaka skuli yake. Kisha akatoa fedha na mahali ili pajengwe Dar es Salaam hospitali ya wenyeji na Wahindi, yaani wale ambao hospitali ya Wazungu haikuwa yao. Bagamoyo nako mkono wake ulifika katika kazi hiyo hiyo ya kuuguza. Na katika wasia wake akaacha mali yake ya majumba na viwanja katika Bagamoyo na Dar es Salaam, mapato yake yawafae masikini na wagonjwa na wakoma, katika chakula na nguo na matunzo.

Mkoma wakati ule alikuwa mtu aliyekwisha kufa ila hajazikwa. Hakuna aliyemtaka sokoni wala msikitini, na mkewe aliambiwa aondoke. Mtu mwenye kutoa sadaka ili asifiwe hamchagui mkoma, kwani mkoma hana majlisi ya kumsifia.

Sewa Haji akafa Februari 1897, nayo ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1314, naye umri wake ni miaka 46 tu. Mwaka ule ule Wadachi walifungua hospitali yao nzuri ufukoni mwa Dar es Salaam, yenye kuelekea bahari, na ndani yake wakilazwa Wazungu. Nayo ipo hata leo, ikijulikana kwa jina la Ocean Road. Hospitali ya Sewa Haji ndiyo iliyopokea watu wengine wote: makuli wa bandarini, na askari, na wake wa Kimanyema, na wavuvi, na wapagazi wa mwisho kabla reli haijawaondoa barabarani. Walioletwa na vidonda walisafishwa na kufungwa, wenye homa walipewa kwinini, wenye majipu walipasuliwa, na chanjo ya ndui ikatolewa. Kwa tabibu wa leo haya ni mambo madogo. Kwa mtu wa mwaka 1900 yalikuwa ni tofauti ya kurudi nyumbani na kuzikwa mjini kwa watu.

Sasa nirudi kwa waliokunja uso. Itikadi ya Waismailia na itikadi yetu ni mbalimbali katika mambo makubwa, wala sikusudii kuyafunika. Kila mwanafunzi wangu ayajua. Lakini kumkubali mtu katika itikadi ni jambo moja na kukiri wema alioutenda ni jambo jingine. Mtume, sala na salamu zimshukie, baada ya kupewa utume aliutaja kwa kuuridhia mkataba wa Fudhul, waliouandikiana Makureshi katika nyumba ya Ibn Jud'an ili kumnusuru mwenye kudhulumiwa, na Makureshi wakati ule walikuwa wanaabudu masanamu. Ikiwa wema wa mshirikina haukufichwa, wema wa mtu asemaye shahada utafichwaje? Hukumu yake ni kwa Mola wake. Sisi tuliobaki tuna hesabu yetu.

Na hesabu hiyo ni nzito kwetu Mashafii kuliko kwa watu wengine, kwa kuwa imepokewa kwamba Imamu wetu mwenyewe, Allah amrehemu, alikuwa akisikitika kuona Waislamu wameipuuza elimu ya utabibu na kuwaachia Mayahudi na Manasara. Naye Ghazali, aliyekuwa Shafii, ameutaja utabibu katika fardhi za kutoshelezana, ambazo mji mzima hupata dhambi ukikosa mwenye kuzisimamia. Akawalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fiqhi, wakitafuta ukadhi na usimamizi wa mali za mayatima, ilhali miji haina tabibu Muislamu. Hayo yalisemwa zaidi ya miaka 900 iliyopita. Ukiyasoma mbele ya jamaa zetu leo utadhani yameandikwa kwa ajili yao.

Wala hospitali si kitu kigeni katika Uislamu. Nuruddin Zangi alijenga hospitali Damaski mwaka 1154. Zaidi ya miaka 100 baadaye amiri mmoja wa Kituruki, Qalawun, akashikwa na msokoto wa tumbo alipokuwa Damaski, akatibiwa kwa dawa za hospitali ile, akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Akapata ufalme wa Misri mwaka 1279, na katika mwaka 1284 na 1285 akajenga Kairo hospitali iliyokuwa na sehemu ya wenye homa, na ya wenye macho, na ya wenye majeraha, na ya wenye kuhara, na ya wanawake peke yao. Alipokewa humo tajiri na fakiri, mwenyeji na mgeni, bila ya muda wa kukaa kuwekewa mpaka, na anayepona alitoka na nguo na kitu cha kujikimu. Na ili kazi isisimame akaiwekea wakfu wa maduka na mahamamu na majumba. Wakfu ule uliwapita wafalme wengi, na hata leo mahali pale pana hospitali ya macho.

Hapa ndipo palipo na upungufu katika jambo la Sewa Haji, nami nausema kwa kuwa ndio wenye faida kwa msomaji. Qalawun aliweka wakfu. Sewa Haji aliipa serikali. Katika madhehebu yetu kitu kilichowekwa wakfu hutoka katika milki ya mwenyewe, kikawa ni cha Mwenyezi Mungu, hakiuzwi wala hakitolewi zawadi wala hakirithiwi, na sharti la mwenye kuwakifu humfunga kila anayekuja baadaye. Ama hiba, mpewa akishaipokea ni mali yake. Sewa Haji aliipa serikali ya Kaizari. Serikali ile ikaondoka Dar es Salaam mwaka 1916, akaingia Mwingereza akakuta hospitali katika mali ya serikali, naye akaitumia kama serikali. Katika miaka yote hiyo hapakuwa na nadhiri, yaani msimamizi wa wakfu, wa kusimama na hati mkononi na kusema kwamba mali hii imetolewa na fulani kwa sharti hili na hili. Simlaumu sana. Kadhi wa kuuandika wakfu ule alikuwako, lakini mwenye mizinga alikuwa ni mwingine, na mfanya biashara humpa mali yule anayemwona ataweza kuilinda. Wakfu wetu wenyewe wa pwani, mashamba ya minazi na nyumba za misikiti, ni mangapi yaliyoliwa na wasimamizi wake mbele ya macho yetu, bila ya Mdachi wala Mwingereza?

Jamaa za Sewa Haji walijifunza. Wao leo wana hospitali yao Dar es Salaam, ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1964, yenye baraza na daftari na wakaguzi wa hesabu, na mtu wa kila dini hulipa akatibiwa humo.

Kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa jambo hili si ndoto. Nchi yao ina mikorosho na ufuta, na ziko nyumba ambazo msimu mmoja mzuri huingiza fedha zilizokuwa hazijaonwa na babu zao. Mwenye kutaka kufuata njia hii na ajue fiqhi yake, asije akatoa kikapotea. Fedha taslimu, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, hazisihi kuwekwa wakfu, kwa kuwa hazitumiki ila kwa kumalizika. Basi kwanza zigeuzwe kuwa ardhi au nyumba ya kupangisha. Mikorosho yasihi, kwa kuwa mti hubaki na tunda likachumwa kila mwaka. Vitanda vyasihi, na chombo cha kupimia damu chasihi, na gari la kuchukulia wagonjwa lasihi, maadamu vinatumika navyo vimebaki. Wala si lazima kuanza na jengo. Wakfu wa shamba moja, ambao mapato yake humlipia nauli na dawa mjamzito wa kijijini afike hospitali yoyote iliyo karibu, hata ile ya Mnero, ni wakfu sahihi. Na kumtibu asiyekuwa Muislamu kwa mapato yake hakuubatilishi, kwani sadaka ya sunna yafaa kwa kila mwenye ini lenye uhai. Wasimamizi wawe zaidi ya mmoja, hati iandikwe na mashahidi wajulikane, na hesabu isomwe hadharani kila mwaka baada ya sala ya Idi, mbele ya watu ambao hawakopeshwi na msimamizi. Na mwenye kungojea kuandika wasia na akumbuke kwamba wasia hauvuki thuluthi ila kwa ridhaa ya warithi, na ridhaa ya warithi baada ya mazishi kila mtu aijua ilivyo. Alichokiwakifu mtu akiwa mzima, mwenye afya yake na akili yake, hakina mgomvi.

Nimalize khabari ya hospitali yenyewe. Jengo la Sewa Haji lilitumika zaidi ya miaka 50, mji ukakua na wagonjwa wakazidi uwezo wake. Serikali ya Mwingereza ikajenga hospitali kubwa mpya, na mwaka 1956 akaja Binti Mfalme Margaret, ndugu yake Malkia, akaifungua, ikaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mtoto wa mfalme aliyekata utepe akapewa jina la hospitali nzima, na mfanya biashara aliyetoa mali yake asingetajwa tena, lau si kwamba wodi moja ya hospitali mpya iliachiwa jina lake. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 jina la Margaret likaondolewa, hospitali ikaitwa Muhimbili. Chuo cha madaktari kilianzishwa hapo mwaka 1963, na wengi katika madaktari wa nchi hii, Waislamu kwa Wakristo, wamejifunza kazi yao humo.

Wodi ile jina lake halikubadilishwa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Ruangwa au wa Nachingwea aliyewashinda madaktari wa Lindi na wa Ndanda, jamaa zake waliuza ufuta au mbuzi, wakampandisha gari wakampeleka Dar es Salaam, kwani Mtwara hapakuwa bado na hospitali ya rufaa ya kusini iliyoko Mitengo sasa. Siku ya pili mtu wa nyumbani akipiga simu kuuliza mgonjwa yuko wapi, huambiwa amelazwa Sewahaji, kitanda namba fulani. Naye huwapasha jirani khabari hiyo hiyo, na jirani huinua mikono kumwombea dua mgonjwa.